Swali la malkia 8 ni la zamani kuliko kompyuta

Kama umewahi kusoma koding, hili swali mshapatana: panga malkia 8 kwa ubao wa chesi, asiwepo anayeweza kumla mwenzake. Mimi lilinihangaisha chuo kabla niachane nacho. Nikadhani ni la watu wa kompyuta. Wapi! Max Bezzel, Mjerumani, alilitoa 1848 kwa jarida la chesi la Berlin, Schachzeitung.

Hilo jarida lilianzishwa 1846 na Ludwig Bledow, mwalimu wa hesabu. Akafariki mwaka huohuo, hata swali la malkia hakuliona. Wenzake wakalishika, na ingawa Vita vya Pili vya Dunia vililikatiza, lilifika 1988.

Kule Vienna, Ernst Falkbeer alianzisha lake 1855. Halikumaliza mwaka. Lakini ni yeye aliyeipa gemu ya Anderssen na Kieseritzky ya 1851 jina ambalo wachezaji wanalo hadi leo: Gemu Isiyokufa. (Kwa jarida la miezi michache, si mbaya.)

Na malkia? Franz Nauck alichapisha majibu yote 92 mwaka wa 1850, kwa gazeti la Leipzig. Bila kompyuta, jamani. Mimi nilifika 11 nikafunga laptopu.