Liyongo Kabla ya Jukwaa

Tanzia ya Lamu haikungoja ukumbi wa maonyesho. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika Utendi wa Fumo Liyongo, na huyu hakuwa mtu wa kalamu tu: alichonga mbao, alipiga muziki, alicheza ngoma. Na utendi hausomwi kimya, unaghaniwa. Sauti moja inambeba mfalme wa Pate, mama mtu, kijakazi Saada na shujaa mwenyewe.

Tena ndani ya kisa kuna shoo nzima. Liyongo yuko gerezani, anangoja kuuawa, anaomba kitu kimoja: gungu. Mama ameshamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Nje ngoma inavuma, watu wanaimba, naye ndani anakereza minyororo. Wachezaji hawajui wanamfichia sauti ya chuma!

Kigumu ni yule mwana. Katika Mfalme Edipode, aliyotafsiri S. S. Mushi mwaka 1971, mtu anamuua babake bila kumjua. Huyu wetu anajua. Kaahidiwa uwaziri na binti wa mfalme, basi anamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba, baba kalala. Mghani atapita, ubeti mwingine unamngoja. Jukwaani lazima kijana fulani aishike ile sindano, nasi tuutazame mkono wake.

Halafu kisimani. Liyongo kapiga goti, upinde kauvuta. Mji una kiu, hakuna anayethubutu kuteka maji. Mama anakuja kumbembeleza. Kumbe alishakufa, bado kaushika upinde.