Mapaa ya Asbesto na Fedha za Tiba: Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni, na baadaye serikali ya Kenya huru, ziliezeka kwa asbesto majengo mengi ya umma katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, hadi Nanyuki, Murang'a, Embu na Meru. Asbesto ni madini ya asili yenye nyuzi nyembamba zisizoungua wala kuoza, na mnamo mwaka 1900 hivi Ludwig Hatschek wa Austria alibuni njia ya kuzichanganya na saruji ili kupata bamba jepesi na gumu. Bamba hilo liliwafaa wajenzi wa nyanda za juu, kwa kuwa halikushika kutu wala kuhitaji rangi kama mabati, halikupiga kelele mvua za masika ziliponyesha, na lilipunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Shule, zahanati, nyumba za walimu na kambi za polisi zilipata mapaa hayo, na kwa watumishi wa umma wa vizazi viwili kukaa chini ya asbesto kulikuwa dalili ya nyumba nzuri.

Hatari ya asbesto imo katika vumbi lake. Bamba likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au likivunjika kwa uchakavu, nyuzi zisizoonekana kwa macho huingia mapafuni na kukaa humo. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33, karibu wote kutoka eneo la machimbo la kaskazini mwa Jimbo la Cape, Afrika Kusini, waliopata mesotelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji, bali waliishi tu karibu na migodi. Saratani hiyo huchukua kati ya miaka 20 na 50 kujitokeza, hivyo seremala aliyekata mabamba mwaka 1970 aliweza kuugua baada ya kustaafu, wakati ambapo hakuna aliyekumbuka kazi ile ya ujana wake.

Fedha za kutafuta tiba zilitoka mbali, na zilifuata njia ambayo msomaji wa Nyeri anastahili kuielewa. Nchini Marekani, hukumu ya mwaka 1973 katika kesi ya mfanyakazi Clarence Borel iliwafungulia wagonjwa mlango wa kuwadai fidia watengenezaji wa bidhaa za asbesto, na kufikia Agosti 1982 kampuni ya Johns-Manville iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya madai yaliyoizidi nguvu. Ugonjwa ulikuwa na jina, idadi na thamani mahakamani. Mwaka 1983 nchi hiyo ilipata sheria ya dawa za magonjwa adimu, iliyozipa kampuni nafuu ya kodi na miaka 7 ya kuuza bila mshindani, na kwa sheria hiyo hata ugonjwa wenye wagonjwa wachache ukaweza kumvutia mwenye mtaji.

Dawa ya kwanza iliyoidhinishwa mahususi kwa mesotelioma, pemetreksedi, ilitokana na utafiti wa mwanakemia Edward Taylor wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyeanza kwa kuchunguza rangi za mabawa ya vipepeo, na ikaendelezwa na kampuni ya Eli Lilly hadi idhini ya Februari 2004. Ikitumiwa pamoja na sisplatini, dawa ya zamani ya saratani, iliwapa wagonjwa maisha ya miezi 12.1 kwa wastani wa kati, ikilinganishwa na miezi 9.3 kwa waliotumia sisplatini peke yake. Kwa mwenye hisa, hata hivyo, mesotelioma ilikuwa mlango tu: dawa hiyohiyo iliidhinishwa pia kwa saratani ya mapafu, yenye wagonjwa wengi zaidi, na mauzo yake yakapita dola bilioni 2 kwa mwaka. Chuo kikuu nacho kilitumia mrabaha, yaani malipo ya mvumbuzi, kujenga maabara mpya ya kemia iliyofunguliwa mwaka 2010. Ni haki kusema kwamba faida iliharakisha tiba, lakini ni haki pia kuuliza ni wagonjwa gani walioingizwa katika hesabu hiyo.

Akiba ambayo wakazi wa Nyeri wangeweza kuiwekeza katika tiba ya namna hiyo ilikuwa na historia yake tofauti. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi zaidi kilimo cha kahawa, fedha zikapita katika vyama vya ushirika, kisha katika vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco. Mwaka 1984 taasisi ya fedha ya Equity ilianzishwa Kangema, Murang'a, ikihudumia watu ambao benki kubwa hazikuwataka. Wakati wa utawala wa Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, wananchi wa kawaida walipanga foleni kununua hisa za kampuni ya umeme ya KenGen mwaka 2006, na mwaka 2008 za kampuni ya simu ya Safaricom, zilizouzwa kwa shilingi 5 kila moja. Hisa za umeme, simu na benki zilipatikana katika soko la Nairobi, lakini kampuni ya kutafiti dawa za saratani haikuwamo.

Njia isiyo ya moja kwa moja ya kumiliki hisa za kampuni kama hiyo ilifunguka Januari 2021, ulipoanza mpango wa pensheni ambao watumishi wa umma, walimu na polisi wakiwemo, huuchangia kutoka katika mishahara yao, na ambao fedha zake huwekezwa badala ya pensheni kulipwa kutoka katika kodi. Kanuni za mifuko ya pensheni Kenya huruhusu hadi asilimia 15 ya mali kuwekezwa nje ya nchi, na kwa njia hiyo mwalimu wa Karatina aweza kumiliki sehemu ndogo ya kampuni ya dawa ya Marekani. Lakini uanachama ulikuwa wa lazima kwa wenye umri chini ya miaka 45 tu, na hao ndio waliokaa chini ya mapaa ya asbesto kwa muda mfupi zaidi.

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, uko katika kuwahesabu wagonjwa. Sajili za saratani za Kenya zilizojengwa kwa muda mrefu ziko Nairobi na Eldoret. Aidha, mesotelioma huhitaji kipande cha utando kupimwa maabara kwa rangi maalumu, ilhali maji yaliyojaa kifuani hudhaniwa mara nyingi kuwa kifua kikuu. Mgonjwa asiyehesabiwa hana dai mahakamani, wala haonekani katika makadirio ya soko ambayo kampuni huyaandaa kabla ya kutafiti dawa.

Kuhusu mapaa yenyewe, kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kati ya taka hatari, na miongozo ya mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaagiza mabamba yaloweshwe, yaondolewe bila kuvunjwa, yafungwe kwa plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Gharama ilimwangukia mwenye jengo, na shule nyingi hazikuwa na fedha hizo. Shilingi inayolipa fundi aliyevaa barakoa sahihi, na inayomlipa daktari wa maabara katika hospitali ya kaunti, humfikia mkazi wa Nyeri kabla ya hisa yoyote ya New York, na wadhamini wa mifuko ya pensheni, walio na sauti mbele ya serikali, wangeweza kuidai kwa niaba ya wanachama wao.