Sekunde Iliyoishinda Dakika

Mwaka 2000, mtu wa Nairobi aliyetaka kumwambia mwenzake kwa simu ya mkononi kwamba ameshafika steji alikuwa na hesabu ya kupiga kwanza. Maneno hayo hayamalizi sekunde tano. Akiwa mteja wa KenCell, alikatwa dakika nzima. Akiwa wa Safaricom, alikatwa sekunde tano zake.

Bidhaa ilikuwa moja. KenCell, ubia wa Sameer ya Kenya na Vivendi ya Ufaransa, ndiyo iliyoonekana kuwa na akili ya biashara: iliwafuata wenye makampuni na wakubwa wa ofisini, watu wa bili nene. Safaricom ilitoka tumboni mwa shirika la serikali la posta na simu, na Mkenya aliyewahi kungoja laini ya nyumbani mwaka baada ya mwaka hakutarajia muujiza kutoka ukoo huo. Vodafone ya Uingereza ilipoingia na asilimia 40 ya hisa, na Michael Joseph akakabidhiwa usukani, wateja hawakufika 20,000.

Hesabu ya sekunde iliifuata desturi ya dukani. Mtaani sukari hupimwa robo, mafuta ya kula humiminwa kwenye kichupa cha mteja, sigara huuzwa moja moja. Si kwamba watu hawa hawana fedha. Fedha yao huingia kwa siku na hutoka kwa siku. Kadi ya kukwangua ikaingia katika mzunguko huo bila kubisha hodi. Kampuni haikuhitaji kujua mteja anaishi wapi wala ana mshahara gani, na deni baya halikuwapo, kwa kuwa malipo yalitangulia huduma. Baadaye ikaja Sambaza, mtu akaweza kumkatia ndugu yake kipande cha salio lake. Hata wa kubipu tu, asiyenunua muda wa maana, alikuwa na faida: aliyebipiwa ndiye aliyepiga.

Joseph mwenyewe aliwahi kulalamika kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, kauli ambayo hawajaisahau hadi leo. Nadhani alistahili kutaniwa. Tabia hizo hizo ndizo zilizomlipa mshahara.

Lakini faida kubwa ya sekunde haikuwa kwenye simu. Ilikuwa kwenye vile vibanda vya kuuzia kadi, vilivyozagaa kuanzia River Road hadi kwenye masoko ya vijijini. Oktoba 2005 Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, ilianza kujaribu Nairobi na Thika mfumo wa kuwawezesha wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kuutumia kwa mambo yao, zaidi kutumiana hela. Waliobuni wakawa na busara ya kuwafuata. Machi 2007 mfumo huo ulipozinduliwa na Safaricom kwa jina la M-Pesa, mkopo ulikuwa umewekwa kando, na tangazo lilikuwa la kutuma pesa nyumbani.

Makato yake yalipangwa kwa ujanja uleule. Kuweka pesa kulikuwa bure. Kumtumia mteja mwenzako, kiasi chochote, shilingi 30. Muuza kadi akageuka wakala, akaleta floti, yaani mtaji wa kuhudumia wateja, kutoka mfukoni mwake na kulipwa kamisheni kwa kila anayeweka na anayetoa. Kampuni ikapata matawi bila kujenga tawi hata moja. Miezi minane baadaye waliojisajili walikuwa wamepita milioni 1, na ghasia za baada ya uchaguzi mapema 2008 zikawafunza wengine kwa lazima, maana simu ilipenya mahali ambapo basi halikuthubutu. Joseph alipoondoka mwaka 2010, Safaricom ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 16.

Mwaka huohuo kampuni ya simu ya Vodacom iliipeleka M-Pesa Afrika Kusini, ikitarajia watu milioni 10 katika miaka mitatu. Huko wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, na mfumo haukukuta mtandao wa vibanda kama wa Kenya. Ulifungwa 2016 ukiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. KenCell nayo ilishabadilisha jina ikawa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel.

Na Safaricom? Intaneti ilipokuja, ikaanza kuuza bando zenye saa ya kufa. Mteja alinunua, hakutumia zote, na usiku wa manane zikayeyuka. Malalamiko yakajaa mitandaoni na hata kufika mbele ya sheria, dhidi ya kampuni iliyokua kwa kumtoza mtu alichotumia tu. Oktoba 2019 ikatangaza bando zisizokwisha muda.