Ngonjera na yule anayeshindwa kila mara

Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania, ngonjera huhitaji kuelezwa. Mgeni rasmi yuko meza kuu, spika zinakwaruza, watoto wamepangwa mistari miwili. Mstari mmoja haujui kitu, mwingine unajua kila kitu. Wanabishana kwa vina na mizani, wanarusha mikono, na kwenye beti za mwisho wale wasiojua wanakiri kwamba sasa wameelewa. Makofi. Mgeni rasmi anaingiza mkono mfukoni, anatoa noti.

Swali langu leo ni dogo tu. Yule anayeshindwa kwenye ngonjera, kuna mtu aliwahi kumuuliza anafikiri nini?

Naandika haya nikiwa Mjimwema, Njombe mjini. Ngonjera za UKIMWI zimeghaniwa hapa miaka nenda rudi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani kwetu wanaishi na VVU, wakati wastani wa nchi nzima ni 4.4. Hakuna mkoa mwingine uliotufikia. Najua tarakimu hii ina upande wake mwema, maana wanaotumia ARV wanaishi, na wanaoishi ndio wanaohesabiwa. Kwa hiyo sisemi ngonjera zimeshindwa kazi. Nauliza tu zinaongea na nani.

Turudi nyuma kidogo.

Kabla ya uhuru sanaa haikusubiri kutumwa na mtu. Saadan Abdu Kandoro, mshairi, alikuwa miongoni mwa walioanzisha TANU Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, alianza kuwaingiza wanawake kwenye chama kwa kupitia vikundi vile vile vya ngoma. Wale akina mama hawakuhitaji semina ya umoja. Tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao na mitandao yao ya mtaa kwa mtaa. Chama kiliikuta sanaa ina wenyewe.

Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Hapo mambo yakageuka kidogo. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba wasaidie kulifikisha Azimio kwa wananchi. Walioitikia kwa nguvu ni watu wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na jina kubwa kati yao ni Mathias Mnyampala. Huyu ndiye anayetajwa zaidi tunapozungumzia ngonjera. Alifariki 1969, na vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vikatoka 1970 na 1971.

Tusimbeze mzee wetu. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, hakuwa mtu wa Lamu wala Tanga. Ushairi uliokuwa ukihesabiwa kuwa mali ya pwani aliuvuta bara, akauweka midomoni mwa watoto. Mtoto wa Kibena aliyelala akisikia Kibena nyumbani aliweza kusimama mbele ya wazazi wake akaghani Kiswahili safi bila kushika karatasi. Na mzazi asiyejua kusoma alipokea habari za serikali kutoka kwa mwanawe mwenyewe. Redio zilikuwa chache, magazeti machache zaidi. Kwa kazi ile, sioni chombo ambacho kingefaa zaidi.

Tatizo liko kwenye umbo lenyewe. Ngonjera inaonekana kama mjadala, lakini hukumu imeshaandikwa kabla watoto hawajapanda jukwaani. Yule mbishi amewekwa pale ili ashindwe. Maswali yake yametungwa na mtu ambaye ana majibu mkononi.

Angalia kilichotokea huku kwetu. Wakati ule Njombe ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa, na ilibaki hivyo mpaka tulipopata mkoa wetu 2012. Siku ya Krismasi ya 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma kilimo cha ujamaa. Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Siandiki haya kutetea mauaji, hayana utetezi. Lakini fikiria: jukwaani, mkulima mwenye shamba lake alikuwa ameshakubali zamani, tena kwa vina. Shambani hakuwa amekubali. Na hapakuwa na jukwaa hata moja ambalo angesimama akasema hapana, akaachiwa ashinde walau hoja moja.

Miaka kumi na kidogo baadaye, watu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia nyingine. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1982 na 1983 walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, Mwanza. Hawakwenda na mchezo kwenye begi. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza nini kinawasumbua. Likatoka suala la mimba za mabinti. Onyesho likatengenezwa na wenyewe kwa ngoma na nyimbo za pale pale, kisha ukafuata mjadala ambao mwisho wake haukuwa umeandikwa na mtu. Vijana walisema yao mbele ya wazee, na wazee wakasema yao.

Mwaka 1996 chuo hicho hicho kikishirikiana na Wizara ya Elimu kikaanzisha Tuseme kwenye shule za sekondari. Jina linajieleza. Wasichana wenyewe wanachunguza kinachowakwamisha masomoni, wanatunga mchezo, wanauonyesha mbele ya walimu na wenzao. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, ikaupeleka utaratibu huo nchi nyingine za bara hili. Tofauti na ngonjera ni moja tu, lakini ni kubwa: aliyekuwa anafundishwa sasa ndiye anayeuliza.

Na wale mnaosema haya ni mambo ya wasomi, kumbukeni "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, 2001. Mgombea anamwaga ahadi, umati unaitikia. Kwangu mimi ile ni ngonjera iliyopinduliwa. Anayejua kila kitu ndiye anayechekesha, na sisi wasikilizaji tunagundua kwamba "ndiyo" yetu ndiyo iliyotuponza. Wimbo mmoja wa dakika chache, na nchi nzima ikapata neno la kumtania mwanasiasa. Profesa Jay mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi, 2015 hadi 2020, lakini hilo tuliache kwa siku nyingine.

Sasa tulete haya nyumbani. Ngonjera ya UKIMWI ya Njombe ina wahusika wale wale: mjinga anayekataa kupima, na mwerevu anayemwelimisha. Sasa nani atampa zamu dada wa baa pale Makambako, barabara ya Mbeya inapoachana na ya Songea na malori yanalala? Yeye kondomu anaijua vizuri kuliko mgeni rasmi. Anachokijua zaidi ni bei ambayo mteja anaongeza ili isivaliwe. Au yule mama wa Mjimwema ambaye amepima mara tatu, na mumewe hajapima hata mara moja. Umfundishe nini huyo? Ana somo lake la kutoa, na sidhani kama litaingia kwenye beti kumi zinazoisha na "tumeelewa".

Sisemi tufute ngonjera. Ni yetu, watoto wanaipenda, na hata mimi naipenda. Nasema ubeti wa yule mbishi atungiwe na mbishi mwenyewe. Mwalimu akae na watu hawa kwanza, aandike sababu zao jinsi wanavyozisema, bila kuzipaka ujinga. Halafu ubeti wa mwisho uachwe wazi, na kipaza sauti kishuke kwa hadhira.

Mgeni rasmi atasubiri kidogo kutunza. Si mbaya, na yeye akiambiwa kitu asichokijua.