Kutoka Kigari: Jinsi Maandiko Yalivyosomwa Embu

Kituo cha kwanza cha kudumu cha misheni ya Kiprotestanti katika nchi ya Waembu kilifunguliwa Kigari, Ngandori, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, mwaka 1910. Waliokifungua walikuwa wa shirika la CMS la Kanisa la Uingereza, na aliyewaongoza alikuwa daktari kutoka Kanada, T. W. W. Crawford. Mkewe, E. May Crawford, aliandika habari za kazi hiyo katika kitabu By the Equator's Snowy Peak, kilichotoka mwaka 1913. Mwaka huohuo wa 1910 CMS walianza kazi Kabare, upande wa Kirinyaga, na kwa miaka mingi vituo hivyo viwili viliendelea kama ndugu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imefika Embu kwa bunduki mwaka 1906. Kwa hiyo mwalimu wa Injili alikuta watu ambao kumbukumbu yao ya mzungu ilikuwa ya mifugo iliyotwaliwa na nyumba zilizochomwa, na wengi walimwendea kwanza kwa ajili ya dawa.

Habari za Mungu hazikuwa ngeni kwao. Waembu walimwita Ngai, na pia Mwene Njeru, wakimtazamia Kirinyaga, mlima wenye theluji. Wazee walichinja mbuzi au kondoo asiye na waa katika vichaka vitakatifu, mvua ilipokawia au maradhi yalipoingia. Kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, kinachohusishwa na baba wa kabila zima, hakikukatwa mti. Mtu aliyekulia katika desturi hizo hakuhitaji kuelezwa sana Ibrahimu alikuwa akifanya nini alipojenga madhabahu chini ya mti. Mwanzo na Walawi zilimwingia kwa urahisi. Kilichokuwa kigumu ni Wagalatia na Waebrania, zinazosema kwamba dhabihu imekwisha kutolewa mara moja na kwamba sheria haimwokoi mtu.

Waongofu wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kujua kusoma na kuwa Mkristo vilikwenda pamoja: kijana alijifunza herufi kwa Injili, akabatizwa baada ya kuthibitisha kwamba anaweza kuisoma. Maandiko yenyewe yalikuwa katika Kikuyu, lugha ya jirani ambayo Mwembu huielewa lakini haongei vivyo hivyo nyumbani. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1951. Kwa muda mrefu, basi, msomaji wa Embu alikuwa na Agano Jipya mkononi huku sehemu kubwa ya la Kale akiipata kwa kusimuliwa na mwalimu. Hilo lilimpa mwalimu nguvu nyingi. Pia lilimpa msomaji makini hamu ya kutafuta mwenyewe yale ambayo hakuambiwa.

Hamu hiyo ilidhihirika katika mgogoro wa tohara ya wasichana. Katika miaka ya 1920 baraza la wenyeji la Embu lilikuwa limekwisha kupitisha kanuni za kupunguza ukali wa ukataji. Mwaka 1929 makanisa ya misheni katika nchi za Wakikuyu na jirani zao yalianza kuwataka waumini waikane kabisa, na miaka iliyofuata CMS upande wa Embu ilishika msimamo mkali. Mkristo alitakiwa achague kati ya meza ya Bwana na desturi iliyomfanya binti yake aolewe kwa heshima.

Wengi walitoka, na walitoka wakinukuu Maandiko. Walisema Ibrahimu alitahiriwa pamoja na nyumba yake yote, Mwanzo 17. Paulo mwenyewe alimtahiri Timotheo, Matendo 16. Na hakuna aya inayokataza tohara ya wasichana. Wamisheni walijibu kwa 1 Wakorintho 6, kwamba mwili ni hekalu la Roho. Kuhusu madhara ya ukataji wamisheni walikuwa na haki, na madaktari wao waliyaona wanawake walipojifungua. Kosa lao lilikuwa kuigeuza hoja ya afya na huruma kuwa kiapo cha uanachama, kilichodaiwa na wageni katika nchi iliyokuwa imekwisha kuporwa mengi. Aliyekataa hakuonekana amepotoka katika imani. Alionekana tu amekataa amri ya mzungu.

Matunda yake yakawa makanisa na shule huru. Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini aliwafundisha vijana wa Kenya ya kati uongozi wa ibada, na mwaka 1937 akawawekea mikono makasisi wa kwanza wa makanisa hayo. Kanisa la AIPCA, lililokua kutokana na vuguvugu hilo, lilikuwa na watu wake Embu, na lina watu wake hadi leo. Kwa waumini hao, kuishi imani kulimaanisha kumwabudu Kristo bila kuomba ruhusa ya kuwa Mwafrika.

Waliobaki Kigari na matawi yake walikuwa wachache na wengi wao wamechoka. Uamsho ndio uliowapa uhai mpya. Moto huo ulikuwa umewaka Gahini nchini Rwanda na kusini mwa Uganda mapema miaka ya 1930, miongoni mwa watu kama Simeoni Nsibambi, Blasio Kigozi na daktari Joe Church. Mwaka 1937 kundi la mashahidi lilifika Kabete karibu na Nairobi, na katika miaka ya 1940 ujumbe ukapanda hadi Embu kwa miguu na baiskeli za watu wa kawaida. Waliookoka waliitwa ahonoki, na kati yao wenyewe waliitana ndugu.

Mkutano wa ushirika uliendeshwa kwa namna ambayo ibada ya Jumapili haikuizoea. Watu walikaa kwenye viti vya miguu mitatu au kwenye nyasi, wanaume na wanawake pamoja, kasisi na mchuma kahawa bega kwa bega. Wimbo Tukutendereza uliimbwa kwa Kiganda na watu wasiojua Kiganda. Mmoja alisoma kifungu, mara nyingi 1 Yohana 1, juu ya kutembea nuruni. Baadaye hakuna aliyekifafanua kwa urefu. Kila mtu alisimama akasema kile ambacho kifungu hicho kilikuwa kimemkamata nacho wiki hiyo: hasira kwa mke, mizani iliyodanganya sokoni, njovi, yaani pombe, iliyonywewa kwa siri kwenye mahari ya jirani. Aliyemwona mwenzake anajificha alimwambia wazi. Wimbo ukarudi.

Toba haikuishia mdomoni. Kama Zakayo katika Luka 19, aliyeiba alirudisha. Ndugu walipeleka kondoo kwenye boma walikomwiba miaka mingi iliyopita, wakalipa kodi waliyoikwepa, wakawaendea wamisheni kukiri chuki waliyowawekea. Jambo la ajabu zaidi kwa wakati ule ni kwamba baadhi ya wamisheni nao walikiri kiburi chao mbele ya Waafrika. Hakuna mafundisho ya darasani yaliyoweza kuyafanya hayo. Ushirika ulisimamia pia uchumba na arusi, ukakemea mahari ya kukomoa, na kwa mjane au binti ambaye ukoo ulimtaka aolewe kwa nguvu ulikuwa kimbilio. Ulikuwa na upande wake mkali: uliwachunguza watu hata mavazi, na asiyeweza kusimulia siku aliyookoka alionekana Mkristo nusu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, na Embu, pamoja na msitu wa Mlima Kenya ulio juu yake, ikawa ndani ya vita vya Mau Mau, wapiganaji waliodai ardhi. Shule huru zilifungwa. Watu wakahamishwa kwa lazima katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Ndugu wa uamsho wengi walikataa kiapo cha wapiganaji, wakitoa sababu iliyotoka kwenye 1 Wakorintho 10: aliyekunywa kikombe cha Bwana hawezi kunywa kiapo cha damu ya mbuzi. Lakini wengi wao walikataa pia bunduki ya homugadi, walinzi wa upande wa serikali. Kwa hiyo hawakuwa na pa kujificha. Wapiganaji waliwaona wasaliti wa ardhi, na serikali iliwashuku kwa kutoshika silaha. Wapo waliouawa katika Kenya ya kati, na wapo waliopigwa na pande zote mbili. Haki ya dai la ardhi haikupungua kwa sababu yao, na baadhi yao walilikubali dai lenyewe. Walichokataa ni kuua kwa ajili yake.

Mwana mmoja wa nchi hiyo alirithi nidhamu ya uamsho akaipeleka kwenye siasa, mahali ambapo ndugu wengi hawakuthubutu. David Gitari alizaliwa mwaka 1937 Ngiriambu, Kirinyaga, mwana wa mwinjilisti, akasoma katika shule ya Kangaru mjini Embu. Mwaka 1975, muda mfupi baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa, alitoa tafakari za asubuhi redioni, akiwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Aliichukua Mwanzo 4, Kaini na Habili, na swali ambalo Mungu alimwuliza muuaji. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Mwaka huohuo akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyoanzia Embu na Kirinyaga hadi Meru, Isiolo na Marsabit.

Njia ya Gitari ilikuwa kueleza kifungu aya kwa aya hadi msikilizaji aione nchi yake ndani yake. Mwaka 1987 alihubiri kutoka Danieli 6, juu ya maofisa waliotunga sheria ya kumnasa mtu mmoja na mfalme aliyetia sahihi bila kufikiri. Katiba ya Kenya ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia kwa mjadala mfupi, na chama tawala, KANU, kilikuwa kimeamua wagombea wake wateuliwe kwa mlolongo, wapiga kura wakipanga mstari hadharani. Viongozi wa chama walimjia juu. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akapiga kelele, majirani wakaja, akaokoka. Aliendelea kuhubiri, na baadaye akawa askofu mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya, 1997 hadi 2002.

Mwaka 1990 dayosisi yake ya zamani iligawanywa, na Embu ikapata dayosisi yake, Moses Njue akiwa askofu wa kwanza. Mbeere ilifuata mwaka 1997. Wakatoliki walikuwa wamepata jimbo la Embu mwaka 1986 chini ya askofu John Njue, mzaliwa wa hapo, aliyefanywa kardinali mwaka 2007. Makanisa ya Kipentekoste yamechukua sehemu ya watu ambao zamani wangejiunga na ushirika, na vijana wengi sasa husoma Biblia ya Kiswahili au Kiingereza kwenye simu. Ndugu wa uamsho wangali wakikutana katika parokia za Embu, kwa saa moja au mbili, wengi wao wazee, wakisoma kifungu na kuulizana kimewapata wapi.