Sufuria Mbili za Kundi D

Rwanda ilipoandaa mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN, kuanzia Januari 16 hadi Februari 7, 2016, Kundi D liliangukia Gisenyi. Mali, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilichezea mechi zao nyingi Uwanja wa Umuganda, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kongo. Mashindano ya namna hii yamezaa desturi yake ya mezani, inayojulikana leo katika miji mingi duniani: mashabiki huchukua ratiba wakaipika. Siku ya Mali hupikwa cha Mali, siku ya Uganda cha Uganda, hadi bingwa apatikane. Ni desturi njema, nami siibezi. Lakini ndani yake imo dhana inayostahili kuchunguzwa, kwamba kila bendera ina chungu chake, na kwamba ukitoka chungu kimoja kwenda kingine umevuka mpaka. Mtaa wa Nengo, mji wa Gisenyi unapokutana na Ziwa Kivu, ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo, na naona haisimami. Historia ya chakula ya ufuko huu inaonyesha kuwa Kundi D lote lingeweza kupikwa kwa sufuria mbili, na sufuria zote mbili zilikuwa mafigani muda mrefu kabla timu hazijawasili.

Sufuria ya kwanza ni ya sambaza. Anayefika Gisenyi huletewa sahani iliyojaa dagaa hawa, wamekaangwa wazima kwa mafuta ya moto mpaka wakajikunja na kukauka, pembeni kipande cha ndimu na pilipili. Huliwa na kichwa na mkia, hakuna kinachotupwa. Mgeni huambiwa hicho ndicho chakula cha hapa, na ni kweli. Hata hivyo kabla ya mwaka 1958 hapakuwa na sambaza hata mmoja katika Ziwa Kivu. Ziwa hili ni changa, lilizibwa na lava za Virunga, na kuanzia kina cha mita 60 hivi maji yake hayana oksijeni, yamejaa kaboni dayoksaidi na methani. Samaki wa asili walikuwa wa aina chache na waliishi karibu na ufuko. Maji ya katikati yalikuwa na vijidudu tele visivyo na mlaji. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walibeba vifaranga vya samaki kutoka kaskazini mwa Ziwa Tanganyika wakavimwaga Kivu. Walimkusudia hasa dagaa yule ambaye Warundi humwita ndagala. Huyo hakudumu. Aliyestawi ni ndugu yake aliyekuja naye, Limnothrissa miodon, ambaye wavuvi wa Kigoma humwita lumbu na ndiye sambaza wa leo. Kuja mwenyewe asingeweza, kwa maana Mto Ruzizi huteremka kutoka Kivu kwenda Tanganyika kwa maporomoko ambayo dagaa hawezi kuyapanda. Uvuvi wa kibiashara ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mradi wa FAO uliokuwa na makao yake Gisenyi. Tangu hapo usiku wa giza lisilo na mwezi umekuwa saa ya kazi: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umezamishwa, taa zinawaka juu ya maji, na sambaza wanapanda kuufuata mwanga.

Samaki huyohuyo alisafirishwa tena miaka michache baadaye, safari hii kuelekea kusini. Bwawa la Kariba kwenye Mto Zambezi lilikamilika mwaka 1959, likafanya ziwa kubwa kati ya nchi ambazo sasa ni Zambia na Zimbabwe, nalo pia katikati yake hapakuwa na samaki wa kula vijidudu. Mwaka 1967 na 1968 vifaranga vilipelekwa huko kwa ndege kutoka Tanganyika. Leo samaki huyu wa Kariba, anayeitwa kapenta na kuvuliwa usiku kwa taa kama sambaza, ni kitoweo cha kila siku cha mamilioni ya watu katika nchi hizo mbili, na Mzambia au Mzimbabwe aliye mbali na kwao humtaja miongoni mwa vyakula anavyovikosa. Kwa hiyo Zambia ilipokutana na Zimbabwe pale Umuganda na kuifunga 1-0, mpishi wa Nengo aliyetaka kuipika mechi ile hakuhitaji kuagiza kitu kutoka mbali. Kitoweo cha timu zote mbili kilikuwa kimevuliwa usiku uliopita mbele ya mlango wake. Kilichobaki ni ugali: sadza kwa Mshona, nshima kwa Mzambia, kawunga kwa Mnyarwanda, posho kwa Mganda, na yote haya ni unga wa mahindi uliosongwa.

Mtu wa jikoni atanipinga hapa, na ana haki. Atasema samaki mmoja hafanyi chakula kimoja. Kapenta wengi hukaushwa juani, wakasafiri katika magunia, ndipo wakapikwa na nyanya na kitunguu mpaka mchuzi ukashika, ilhali sambaza wa Gisenyi huthaminiwa akiwa mbichi, ametoka majini alfajiri. Ladha ni mbili, na mkono wa mpishi ndio unaozitenganisha. Nakubali kabisa. Ila tuangalie tofauti hiyo imeletwa na nini. Gisenyi ziwa li karibu na sufuria. Lusaka na Harare zi mbali na Kariba, kwa hiyo samaki lazima akaushwe ili afike. Ni umbali uliomkausha kapenta. Naye sambaza akipandishwa milimani mbali na ufuko hukaushwa vilevile, akapikwa na nyanya vilevile. Mstari unaotenga mapishi haya mawili unapita kati ya ufuko na bara, ndani ya kila nchi, na hauna habari na mpaka wa taifa.

Sufuria ya pili ni ya karanga, nayo inaiingiza Mali, timu ambayo kwa ramani ndiyo ilikuwa ngeni kuliko zote. Mchuzi unaojulikana sana Bamako ni tigadegena, jina la Kibambara linalotaja karanga, uji wake mzito na mchuzi: karanga zilizokaangwa, zikasagwa, zikachemshwa na nyama na nyanya mpaka mafuta yakapanda juu. Uganda mchuzi wa karanga ni ebinyeebwa, humwagwa juu ya matoke. Zambia mboga za majani zilizopikwa kwa karanga za kutwanga ni ifisashi. Zimbabwe karanga zilizosagwa ni dovi, hutiwa katika mboga na katika kuku. Na Gisenyi? Sombe, ambayo Kinyarwanda huita isombe na pwani tunaita kisamvu, hutiwa ubunyobwa, neno lililo ndugu wa dhahiri wa ebinyeebwa la Kiganda. Yupo atakayesema kufanana huku ni bahati tu, kwa kuwa karanga ni zao la Amerika ya Kusini lililoletwa Afrika na Wareno, likaenea popote penye ardhi ya kichanga. Lakini mbegu peke yake haifundishi mapishi. Afrika ilikuwa na njugu mawe, zao la kwake lenyewe, karne nyingi kabla ya karanga, na waliozoea kutwanga mbegu ya ardhini na kuifanya mchuzi waliipokea karanga wakiwa tayari wanajua la kuifanya.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba Gisenyi ni mji wa mpakani, na mji wa mpakani siku zote huchanganya; basi nimechagua ushahidi unaonipendeza. Pingamizi hili kweli lina nguvu zake. Katika karne ya 19, kabla mpaka haujachorwa, watu wa Bugoyi, eneo la Gisenyi, wa kisiwa cha Ijwi na wa ng'ambo ya magharibi walibadilishana mbuzi, maharage na majembe kwa vikuku vya nyuzi vilivyoitwa ubutega, vikitumika kama fedha. Wanawake wanaovuka leo kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière na mboga vichwani wanaendeleza biashara iliyoutangulia mpaka wenyewe. Ila mchanganyiko haukubaki ufukoni. Sikiliza Kinyarwanda cha jikoni popote nchini, hata mbali kabisa na Kongo: isafuriya, isahani, umuceri, isukari, icyayi, amandazi. Ni sufuria, sahani, mchele, sukari, chai na maandazi, maneno yaliyopanda na wafanyabiashara na askari wa Kiswahili tangu enzi ya Wajerumani, nayo yaliingia na vitu vyake. Hata ibirayi, viazi vinavyostawi katika udongo wa volkano nyuma ya Gisenyi, vimebeba jina la Ulaya, ambayo Kinyarwanda huiita Uburayi.

Hapa wengine huteleza wakasema basi hakuna chakula cha Gisenyi, vyote ni vya kuja. Hilo silikubali. Wanyarwanda wengi wa zamani, hasa wenye ng'ombe, walimdharau samaki. Kumla lilikuwa jambo la watu wa ziwani. Kumgeuza kiumbe kilichomwagwa na wakoloni ziwani kuwa fahari ya mji, ndani ya vizazi viwili, kuliwataka watu wajifunze kufunga mitumbwi mitatu, wajue usiku wa kwenda na wa kutokwenda, na kila mwaka wastahimili miezi ya kufungwa kwa uvuvi ili samaki azaliane. Hiyo ndiyo haki ya umiliki ninayoitambua, inayotokana na kazi. CHAN ile ilikuwa na kanuni kwamba mchezaji lazima awe anacheza katika ligi ya nchi yake. Sambaza angeitimiza kanuni hiyo Rwanda, kapenta angeitimiza Zambia, na wote wawili ni wa ukoo mmoja wa Tanganyika.

Zambia iliongoza Kundi D, Mali ikawa ya pili, na Mali ndiyo iliyofika fainali jijini Kigali, ikafungwa 3-0 na Kongo. Kwa atakaye kuipika fainali ile: Wakongo wana fumbwa, majani ya porini yanayokatwa membamba kama nyuzi na kupikwa kwa karanga zilizosagwa, Mali ina tigadegena. Zote mbili huanza na karanga kavu kwenye kikaango, moto wa wastani, zikigeuzwa bila kuachwa mpaka maganda yaanze kupasuka na harufu itoke nje.