Mlango Uliobebwa

Nilikuwa darasa la sita nilipotoka shule nikakuta keja yetu haina mlango. Haukuvunjwa. Keateka alikuwa amefungua bawaba na kuubeba, kwa amri ya landilodi, kwa sababu kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili. Mathe alitundika leso pale na usiku tukalala kwa zamu. Majirani hawakushangaa. Sote tuliamini mwenye nyumba ana haki. Si nyumba ni yake?

Miaka baadaye ndipo nikajua: alikuwa na haki ya kudai kodi, hakuwa na haki ya kubeba mlango. Kuna sheria ya 1959, Sura ya 296. Mwenye nyumba akikufukuza bila idhini ya baraza la kodi, au akikusumbua makusudi ili uhame, ametenda kosa.

Mizizi yake iko mbali. Mwaka wa 1915, wakati wa Vita Kuu, wenye nyumba wa Glasgow, Uskoti, walipandisha kodi huku waume wa wapangaji wengi wakiwa vitani. Wanawake, akiwemo Mary Barbour wa mtaa wa Govan, wakagoma kulipa nyongeza. Maafisa wa korti wakija kufukuza mtu, kengele inalia, wanawake wanajaa mlangoni na kuwarushia unga. Kabla ya mwaka kuisha, Bunge la Uingereza lilirudisha kodi ilivyokuwa vita vilipoanza.

Wazo hilo lilifika hadi makoloni. Mwaka wa 1940, vita vingine vikiendelea, Kenya nayo ikapata sheria ya kuzuia kodi kupandishwa ovyo. Sura ya 296 ni mjukuu wake.

Lakini mjukuu huyu amezeeka. Analinda nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hesabu yake bado inaanzia kodi za Januari 1981. Hebu tafuta keja ya bei hiyo Nairobi leo. Ukilipa zaidi, unabaki na korti za kawaida na mkataba wako, na kwa wengi wetu mkataba ni meseji za M-Pesa tu.

Yetu ilikuwa 1,800. Tulikuwa ndani ya sheria kabisa, ila hatukujua.

Mathe alikopa, akalipa, mlango ukarudi. Majuzi nilimwonyesha kifungu hicho kwenye simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwenye makosa alikuwa yeye?"